Wageni Wasiopiga Hodi



Kila mwaka, sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote ikisha kupita, sisi wachache tunaosali sala za jioni katika mtaa huu tunayo desturi moja isiyoandikwa katika Kitabu cha Sala. Tukitoka kanisani hatuendi nyumbani moja kwa moja. Twateremka nyuma ya kanisa, twapita katika michungwa, twakaa juu ya ukuta mfupi wa kisima cha zamani, na kulitazama bonde. Twawangoja wageni.

Siku za kwanza hatuoni kitu, ila vyura twawasikia. Kisha jioni moja huonekana mbayuwayu mmoja, akiruka chinichini juu ya matete kama mtu aliyeangusha kitu na sasa anakitafuta. Kesho yake huwa watano. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakatoka ardhini, watoto huja mbio na ndoo zao, na mbayuwayu huja kwa mamia. Watoto huwaokota kumbikumbi chini, ndege huwadaka juu, wala hatujaona ugomvi kati yao. Baada ya hapo hupita keremkerem, wale ndege warembo wanaokula nyuki, sauti zao zikitangulia kabla hatujawaona. Baadaye hutua juu ya waya wa simu ndege mmoja wa rangi ya buluu mwenye mgongo wa hudhurungi, akakaa peke yake kama askari wa zamu. Na mwezi wa Desemba, si kila mwaka, hupita kozi wadogo, kundi kwa kundi, wakielekea kusini.

Hawa wote si wenyeji. Sisi tulio chini ya milima ya Usambara twayaita majira haya vuli, yaani mvua ndogo, wakati wa kupanda tena. Lakini vitabu vyetu vya shule huyaita vuli pia majira yale ya nchi za kaskazini ambapo majani ya miti hupukutika, usiku hurefuka, na wadudu huanza kutoweka. Basi jina ni moja, mambo ni mawili. Kwao vuli ni kuondoka. Kwetu vuli ni kufika. Mbayuwayu hupita kati ya vuli hizo mbili. Uzito wake ni gramu 20 hivi, sawa na vijiko vinne au vitano vidogo vya sukari. Na aliyezaliwa karibu na Moscow, akifika hapa bondeni, amekwisha kuruka zaidi ya kilomita 6,000. Nabii Yeremia aliwataja ndege wanaojua majira yao ya kuja ili kuwatahayarisha watu wasioyajua yao. Nasi tukiwatazama twaona kwamba aibu hiyo haijatuondoka.

Twaandika haya si kwa kuwa twataka kila mtu apende ndege. Twaandika kwa sababu ya neno lililosemwa katika halmashauri ya mtaa wetu mwaka jana, neno ambalo hatukuweza kulijibu siku ile, nalo limetufuata tangu hapo.

Habari yenyewe ni hii. Kanisa lina kipande cha bonde, nusu ekari hivi, kilichojaa matete. Hapo ndipo mbayuwayu hulala usiku kuanzia Oktoba mpaka Aprili. Jua likitua hukusanyika juu ya bonde, huzunguka, kisha hushuka wote pamoja ndani ya matete kama mtama unaomwagwa katika gunia. Halmashauri ilitaka kuyafyeka matete hayo mwezi wa Novemba, tulime mboga za vuli, bamia na mchicha, na mapato yake yasaidie kuezeka upya nyumba ya Katekista, ambayo mabati yake yanavuja. Mmoja wetu akauliza kama haiwezekani kungoja mpaka ndege waondoke. Hapo mzee mmoja, mtu mwenye busara na asiyependa maneno mengi, akasema: “Ndugu zangu, ndege hawa hawakuzaliwa hapa, hawajengi hapa, wala hawatagi hapa. Wamekuja bila kupiga hodi na wataondoka bila kuaga. Tukikata matete, nani atatudai?”

Kimya kikaingia. Kwa kweli, nani atatudai? Mbayuwayu hana kesi barazani. Akikuta matete hayapo, atazunguka jioni ile mpaka giza, kisha atakwenda kutafuta pengine, naye akipata au asipate sisi hatutajua. Huko atokako hakuna mtu atakayejua. Hili ndilo swali tunalotaka kulitazama pamoja nanyi: Je, mtu aweza kuwa na deni lisilo na mdai?

Tuanze na neno lile la kwanza, kwamba ndege hawa si wetu. Kama si wetu, ni wa nani? Twadhani jibu ni rahisi: ni wa kule walikozaliwa. Lakini hata watu wa kule, kwa muda mrefu sana, hawakujua ndege wao huenda wapi. Walimwona mbayuwayu akijenga kwa udongo chini ya dari za mazizi yao, wakamwona akikusanyika na wenzake wakati wa vuli, kisha asubuhi moja hayupo. Wengine walisema hujificha katika mashimo. Wengine, tena watu wenye elimu, walisema hulala matopeni chini ya maziwa mpaka baridi ipite.

Alikuwako padre msaidizi mmoja wa Kanisa letu la Anglikana, jina lake Gilbert White, katika kijiji cha Selborne, kusini mwa Uingereza. Alizaliwa huko mwaka 1720, akafa huko mwaka 1793, na kitabu chake juu ya viumbe wa kijiji chake kilitoka mwaka 1789. Mtu huyu hakusafiri mbali. Aliyatazama mashamba yake na kilima chake mwaka baada ya mwaka, akaandika siku gani ndege gani amefika na siku gani ameondoka. Kuna ndege aliotambua kuwa hupita kilimani kwake kila mwaka karibu na sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, majira yaleyale tunayokwenda sisi kukaa kisimani. Lakini juu ya mbayuwayu na jamaa zake hakupata utulivu. Ndugu yake aliyekuwa padre huko Gibraltar alimwarifu kwamba huwaona wakivuka mlango wa bahari, basi akajua kuwa wako wanaosafiri. Hata hivyo hakuacha kudhani kwamba wengine hubaki wamejificha, akafikia hata kuwatuma watu wachunguze vichaka na mashimo ya kilimani. Alikufa na swali lake.

Hatumcheki. Huyu alikuwa mkweli kuliko wengi: alisema alichoona, wala hakujifanya kujua asichoona. Kosa lake lilikuwa la mtu aliyesimama upande mmoja wa mlango. Aliona wageni wakitoka. Hakuwa na njia ya kuona wakiingia. Na siku zilezile alizokuwa akituma watu wachunguze mashimo, mbayuwayu walikuwa wakizunguka juu ya mabonde ya Afrika mbele ya macho ya watu ambao nao hawakujua huondoka kwenda wapi. Kila upande ulikuwa na nusu ya jibu.

Nusu hizo mbili zilikutana kwa njia ndogo sana. Mwezi wa Mei mwaka 1911, katika jimbo la Staffordshire, Uingereza, mbayuwayu mmoja alivishwa pete nyembamba mguuni, yenye namba na anwani ya London. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya mkulima huko Natal, Afrika Kusini. Mkulima akaivua pete. Mtu mmoja wa mji uliokuwa jirani, aliyependa habari za ndege, akachukua kalamu na kuandika barua kwa ile anwani ya London, awaarifu kwamba ndege wao amefika. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakuna ambaye angejua kama asingeandika. Swali la padre wa Selborne lilikuwa limengoja zaidi ya miaka mia moja, na jibu lake likaja kwa sababu mtu mmoja asiyedaiwa alilipa.

Basi, ni wa nani? Twaweza kuongeza jambo moja. Mbayuwayu akiwa huku kwetu hubadili manyoya yake. Yale ya zamani, yaliyochakaa kwa safari, huanguka moja moja, na mapya huota. Manyoya hayo hayaoti bure. Huota kwa chakula, na chakula chenyewe ni wadudu wa mabonde yetu. Kwa hiyo ubawa unaomrudisha kaskazini umefanywa hapa, kwa kumbikumbi na nzi wa huku. Mwili ulioanzia zizini kwa mkulima wa mbali umemaliziwa katika matete ya mtaa wetu. Mtu wa kule akisema, “Ni wangu,” amesema nusu. Nasi tukisema, “Si wetu,” tumesema uongo nusu.

Wako watakaojibu kwamba yatosha kusema ndege hawa wana faida. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mbayuwayu hangoji siku ya tatu, jembe lake amekuja nalo. Hula wadudu tangu asubuhi mpaka jioni, wala haombi mshahara. Maneno haya ni ya kweli, nasi twayapenda. Lakini tusiyaegemee sana. Kwa maana ikiwa twampokea mgeni kwa ajili ya jembe lake tu, siku atakapofika mgonjwa tutamfungia mlango. Wakunga wa wema wa namna hii ni wengi: twamsalimu mwenye gari, twampita mwenye fimbo. Kumtendea vizuri anayetufaa ni biashara nzuri. Bado si haki.

Sisi twaona kwamba lugha yetu inalo neno linalofaa zaidi, nalo ni amana. Jirani akisafiri akakuachia sanduku lake, sanduku si lako, lakini pia si kitu cha mtu mwingine kisichokuhusu. Uaminifu wako haupimwi siku anaporudi na kudai, maana siku hiyo hata mwizi hurudisha kwa kuogopa. Hupimwa katika zile siku za katikati, jirani akiwa mbali, hakuna shahidi, na wewe una shida ya fedha. Deni lenye mdai hulipwa kwa hofu au kwa aibu. Deni lisilo na mdai hulipwa kwa moyo tu. Labda ndiyo sababu twalikuta limelipwa mara chache.

Hapa twataka kuwasimulia habari ya watu wengine, ili tusidhani kwamba haya ni mawazo ya watu walioshiba. Wale kozi wadogo wanaopita kwetu mwezi wa Desemba huzaliwa mashariki ya Siberia na kaskazini ya China. Huitwa kozi wa Amur, kwa jina la mto wa huko. Katika safari yao ya vuli hupumzika kaskazini mashariki ya India, kisha huvuka bara lile na bahari mpaka Afrika, zaidi ya kilomita 3,000 juu ya maji bila mahali pa kutua. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba kwenye bwawa la Doyang, katika jimbo la Nagaland, wavuvi walikuwa wakitundika nyavu zao hewani na kuwakamata kozi hao kwa makumi ya maelfu, wakiwauza kama kitoweo. Wavuvi hao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto wa kusomesha, na kila vuli mbingu ziliwaletea fedha. Nani angewadai?

Lakini walipoelezwa ndege hao hutoka wapi na huenda wapi, wazee wa vijiji walikutana na kukubaliana, na vuli iliyofuata, mwaka 2013, nyavu hazikutundikwa. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo kozi watatu walifungwa vyombo vidogo vya kupeleka habari kwa setilaiti, wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Walivuka bahari wakafika Afrika Mashariki, wakaendelea hadi kusini mwa Afrika. Basi sisi tuliokaa juu ya ukuta wa kisima na kuwaona kozi wakipita, twapokea kitu kilichoachiliwa na wavuvi tusiowajua, ambao hawatatuona kamwe, wala hawakutuandikia hati ya kudai shukrani. Walilipa deni lao, na malipo yakapita juu ya vichwa vyetu. Nasi tukirudisha swali lile la halmashauri, nani atatudai, twaona kwamba tumekwisha kula katika sahani ya watu waliojiuliza swali hilohilo na kulijibu kwa kukunja nyavu.

Sasa turudi kwenye matete. Msidhani kwamba tulishinda kwa maneno mazuri. Mjadala ule haukuishia kwa yule mzee. Mke wa Katekista, aliyeitwa atoe maoni yake, hakutuficha. Alisema, “Ndege wana matete yao. Mimi usiku wa mvua nina ndoo tatu sakafuni na mtoto anayekohoa.” Neno hili lilituchoma kuliko lile la kwanza, kwa sababu lilikuwa kweli. Sisi tuliosema kwa ajili ya ndege tulikuwa na mapaa mazima. Tulikuwa tukitaka kulipa deni letu kwa mfuko wa mwanamke yule.

Tulijifunza hapo jambo ambalo twadhani ndilo kiini cha yote. Ni rahisi mno kuwa mwema kwa mali ya mwingine. Mtu akisema, “Tuyaache matete,” na gharama ikamwangukia maskini wa mtaa, amefanya nini zaidi ya kumnyang’anya mmoja na kumpa mwingine? Wavuvi wa Doyang waliacha nyavu zao wenyewe. Yule mtu wa Natal aliandika kwa kalamu yake mwenyewe. Deni lisilo na mdai linamhusu kwanza yule aliyeliona, naye alilipe kwa kilicho chake.

Basi ikawa hivi. Nusu ya matete ilifyekwa, upande wa barabara, na bamia zikapandwa. Nusu nyingine iliachwa mpaka mwezi wa Mei. Sisi tuliotaka yaachwe tulichanga fedha za mabati ambayo nusu ile ingelipia, na Jumamosi mbili tulipanda juu ya paa la Katekista kwa nyundo na misumari, wengine wetu kwa woga mkubwa. Chumba cha watoto hakivuji tena. Ukumbi bado unavuja, na hatutaki kusema kwamba mama yule ametusamehe kabisa. Yule mzee naye bado anaona kwamba tulipoteza nusu ya shamba kwa ajili ya wapita njia. Twamheshimu, alituuliza swali ambalo tulihitaji kuulizwa.

Wala hatuandiki kama watu wasio na hatia. Tulipokuwa watoto tulikusanya utomvu wa fenesi, tukafanya ulimbo, tukaupaka kwenye vijiti kandokando ya bonde hilihili, tukawakamata mbayuwayu na kuwafunga uzi mguuni wawe wa kuchezea. Wengi walikufa kabla ya usiku. Tulisahau kesho yake. Hakuna aliyetudai, na ndiyo maana tulisahau. Sasa twaona wajukuu wetu na manati zao, nasi hatuna haki ya kuwapigia kelele. Tumeona ni vema zaidi kuwaita waje kukaa nasi ukutani. Hukaa kwa dakika chache bila subira, kisha mmoja huanza kuhesabu, na akisha kuanza kuhesabu haondoki upesi.

Mwezi wa Aprili, mara nyingi karibu na Pasaka, huja jioni moja ambapo matete hubaki kimya. Hatuambiwi mapema kuwa ni leo. Twakaa mpaka giza, kisha twapanda kwenda nyumbani. Kati ya wale walioondoka, wangapi wamefika? Nani amewapokea? Je, zizi la mwaka jana bado liko? Hayo si yetu kuyaona. Yetu yalikuwa matete, miezi sita hivi, na kutunza tulichoachiwa mpaka kikaondoka kizima.

Vuli hii, ndugu msomaji, karibu kisimani baada ya sala za jioni. Ukuta ni mfupi lakini una nafasi. Na kama una bati moja la zamani lisilo na matundu, njoo nalo. Ukumbi wa Katekista bado unalingoja.